Flashi ya Mkono Mrefu

Jumamosi asubuhi, maji yakiwa yamejaa, Kafedha Tsofa alikuwa amepiga magoti chini ya bahari katika ufuo wa Shelly, Likoni, akimsubiri Dorothy azamishwe. Alikuwa amejifunga mkanda wenye mawe ili asielee, amevaa miwani ya kuzamia, na mkononi ameshika kamera ndogo iliyofungiwa ndani ya kasha la plastiki ngumu lisilopitisha maji. Mbele yake aliiona miguu ya Mchungaji Gershom, suruali imekunjwa hadi magotini ingawa maji yalimfika kiunoni. Kando yake palikuwa na miguu ya Dorothy ikitetemeka kwa baridi. Kisha Dorothy akashuka mzima mzima, mashavu yamevimba, macho yamefumba, kanzu nyeupe imempanda hadi masikioni. Kafedha akapiga. Flashi ikawaka. Dorothy akainuliwa juu akiwa ameokoka, na watu wa ufukweni wakaimba.

Hiyo ndiyo iliyokuwa kazi ya Kafedha. Makanisa mengi ya Likoni yalibatiza baharini, na kila kanisa lilikuwa na mpiga picha wake wa nchi kavu. Mpiga picha wa nchi kavu humpata mtu akiingia majini na akitoka. Kile mtu alichokiendea majini hakipati. Kafedha alikuwa peke yake aliyekipata, na watu walikuwa tayari kumlipa, isipokuwa kwa jambo moja: picha zake zilitoka zimejaa chengachenga. Kila aliyebatizwa alionekana kama amezama ndani ya uji.

Sababu yake haikuwa siri. Flashi ya kamera ndogo imekaa karibu sana na lenzi. Ikiwaka, inamulika kila punje ya mchanga na kila kijipande cha mwani kilichoko kati ya kamera na mtu, na vyote vinang'aa kumrudia mpiga picha. Kafedha alilijua hilo tangu mwanzo. Ambalo hakulijua ni kwamba si chenga zote zilikuwa mchanga. Aliligundua jioni hiyo, alipoikuza picha ya Dorothy kwenye kompyuta, chumbani kwake Mtongwe. Nyingine zilikuwa mchanga kweli. Nyingi, hasa za upande wa kushoto, zilikuwa sufuria. Sufuria ndogo ndogo, kila moja kama punje ya mtama, na mifuniko yake.

Dorothy alipokuja kuichukua picha, aliinama mbele ya kompyuta akaangalia kwa makini.

"Hizi ni sufuria za wifi yangu," alisema.

"Alikuazima?"

"Aliniazima siku ya mahari ya binti yangu. Nilimwambia nitamrudishia." Dorothy akasogea karibu zaidi. "Unaweza kuzifuta?"

"Naweza, lakini ni kazi ya siku nzima. Zimekuingia mpaka kwenye nywele."

"Basi hiyo kubwa iache. Hiyo ni yangu. Futa nyingine."

Baada ya hapo Kafedha alizoea kuangalia. Fundi cherehani aliyebatizwa wiki iliyofuata alizungukwa na vipande vya vitambaa vya wateja wake, vyote vimepangwa kwa rangi. Mama mmoja wa kwaya alitoka safi, mchanga mtupu, ila kitabu kimoja cha nyimbo kilichoelea karibu na kiwiko chake. Hakuna aliyelalamikia alichokiona. Walilalamikia ubora wa picha.

Ndipo ikafika zamu ya Mzee Kai.

Mzee Kai alikuwa mwenyekiti wa kamati ya maendeleo ya Kanisa la Maji Matulivu. Utotoni alinyunyiziwa maji kichwani katika kanisa jingine, na sasa alitaka kufanywa mzee wa kanisa, cheo ambacho hapewi mtu aliyelowa nusu. Kwa hiyo akazamishwa. Kafedha akapiga. Na alipoikuza picha, akaona viti.

Vilikuwa viti vya plastiki vyenye mikono, kila kimoja kama mbegu ya ufuta. Vilimzunguka Mzee Kai kichwani, vikamfuata begani, na safu moja ikashuka kwa mpango mzuri hadi kwenye kitovu. Kafedha alimwita mama yake, Sarah, aliyekuwa nje akichambua mchicha. Sarah akavaa miwani.

"Ni vyetu," alisema. "Kile cha karibu na pua nilikuwa nakalia mimi."

Viti hivyo vilichangwa na waumini wenyewe. Vilikuwa vyeupe, na mgongoni viliandikwa K.M.M. kwa rangi nyekundu. Mwaka uliopita viliazimwa kwenda kwenye matanga ya shangazi yake Mzee Kai na havikurudi. Alipoulizwa, Mzee Kai alisema matanga bado hayajaanuliwa. Muda si muda akafungua biashara ya kukodisha mahema na viti, si mbali na kivuko. Viti vyake vilikuwa vya kijani, na mvua ikinyesha kwa wingi vilikuwa vinageuka vyeupe kwenye kingo. Tangu hapo waumini walikalia mawe ya kujengea, yale yaliyonunuliwa kwa ajili ya ukuta ambao haukujengwa. Sarah alikuwa na jiwe lake safu ya tatu, na juu yake leso iliyokunjwa. Magoti yake yalikuwa mabovu. Watu wakiambiwa wasimame kuimba, yeye alianza kuinuka ubeti wa kwanza na kusimama sawasawa ubeti wa tatu, wakati wengine wanajiandaa kuketi.

Jumapili baada ya ibada kamati ilikutana kuijadili picha. Kompyuta ya Kafedha ilipita mkono kwa mkono. Kila mjumbe aliangalia, akakohoa, akampa mwenzake.

"Ndugu zangu," alisema Mchungaji Gershom, "nadhani sote tunaliona tatizo."

"Tunaliona," walijibu.

"Tatizo ni flashi."

Wajumbe walipumua kwa pamoja. Kweli, walisema, tatizo ni flashi. Mmoja alisema alikuwa na wasiwasi na flashi hiyo tangu picha ya fundi cherehani. Mzee Kai, aliyekuwa akiongoza kikao, alisema yeye binafsi hana kinyongo na Kafedha, ni kama binti yake, lakini picha kama hii inamvunjia mtu ubatizo wake. Wakaafikiana kwamba Kafedha anunue flashi ya nje, ile inayofungwa kando ya kamera. Asipofanya hivyo, picha za ubatizo zitarudi kwa mpiga picha wa nchi kavu. Na kwa kuwa jambo lenyewe ni la maendeleo, Mzee Kai atafuatana naye kwenda kuichagua.

Sarah aliinua mkono kutoka kwenye jiwe lake. "Na viti?"

"Hoja ya viti itakuja baada ya flashi, Mama Sarah," alisema Mchungaji kwa upole. "Kwa sasa hata hatuvioni vizuri."

Duka walilokwenda lilikuwa Changamwe, jirani na uwanja wa ndege. Mwenyewe aliitwa Nadira, mwanamke mnene, mchangamfu, aliyeuza vitu ambavyo wageni huviacha mizigo yao ikizidi uzito: kofia za ukindu, vinyago vya twiga, viatu vya mabata vya kuogelea, na vifaa vya kupiga picha majini. Aliwakaribisha kwa maji baridi, akawauliza habari za Likoni, za feri, za watoto, na za wasiokuwa na watoto, kisha akamwomba Kafedha aeleze shida yake.

Kafedha akaeleza.

"Basi shida yako si uhaba wa mwanga," alisema Nadira. "Mwanga unao, ila umekaa vibaya. Dereva akipita kwenye vumbi akawasha taa kali, anaona nini? Vumbi. Mwanga wako umekaa na jicho. Utenge na jicho."

Aliwapeleka uani, penye tangi pana la plastiki lililokatwa nusu. Ndani yake aliweka maji, akatia chumvi na mchanga kidogo ili yafanane na ya bahari. Aliutumbukiza mkono wake kuyakoroga, na Kafedha, kwa kuijaribu tu kamera, akapiga. Kwenye kioo ulionekana mkono wa Nadira wenye bangili, na kuuzunguka, masanduku madogo madogo ya safari, mengine bado yana vitambulisho vya ndege.

Nadira akachungulia. "Mengine hayakuachwa," alisema. "Yalisahauliwa." Akaukung'uta mkono, akaenda kuleta flashi.

Zilikuwa tatu. Ya kwanza ilikuwa kubwa kama boga, nzito, yenye nguvu. Ya pili ilikuwa ndogo, ya bei rahisi, inaingia mfukoni. Ya tatu ilikuwa ya kadiri, na ilikuja na mkono mrefu wa chuma wenye viungo viwili. Zote tatu, Nadira alieleza, huunganishwa na kamera kwa waya mweusi unaopitisha mwanga. Flashi ya kamera ikiwaka, waya unaipelekea habari flashi ya nje, nayo inawaka. Palitakiwa mtu wa kuingia majini. Mzee Kai akavua kofia, akampa Kafedha saa yake aishike, akainama na kukizamisha kichwa ndani ya tangi.

Boga lilifungwa juu ya kamera. Lilipowaka, paka aliyekuwa kwenye paa la jirani alishuka. Picha ilitoka kali sana. Viti vilionekana kila kimoja na miguu yake minne, na chini ya rangi ya kijani, maandishi mekundu: K.M.M.

"Inatoboa rangi, wallahi," alisema Nadira kwa fahari.

Mzee Kai alijifuta uso kwa leso, akaitazama picha. "Ina nguvu mno," alisema. "Kanisa letu ni dogo."

Wakaifunga ile ndogo. Hii ilikuwa na ila yake. Kamera ndogo, kabla ya kupiga, hutoa kimwako kidogo cha kupima, ndipo hutoa mwako wenyewe. Flashi nzuri hukipuuza kile kimwako. Hii haikujua kukipuuza. Iliwaka mapema, kabla ya picha, na kwa sababu hiyo iliyaona mambo kabla ya wakati wake. Kwenye picha hapakuwa na viti. Palikuwa na mimbari ndogo kama punje ya mchele, na kinanda cha kanisa, na mabati kadhaa ya paa la kanisa.

Mzee Kai alikunja uso. "Mimbari mimi sijaichukua."

"Bado," alikubali Nadira. "Flashi hii huwahi."

"Na hicho ni kinanda?"

"Naona ni kinanda."

Mzee Kai aliitazama picha kwa muda mrefu kidogo. "Kinanda sikuwa nimekifikiria," alisema.

Flashi ya tatu Nadira aliifunga mwenyewe. Alibandika kipande cha utepe mweusi kwenye kasha, mbele ya flashi ya kamera, ili mwanga wake uishie kwenye waya na usimwagike majini. Akaukunjua ule mkono mrefu hadi flashi ikawa mbali na lenzi, juu kidogo, upande wa kushoto, ikitazama nje kuliko ndani. Akamwambia Kafedha apige mara mbili mfululizo, aone inavyojijaza upesi, maana mchungaji hawezi kuambiwa amzuie mtu chini ya maji eti betri bado. Kafedha akapiga mara mbili mfululizo. Maji yalitoka safi kama ya chupa. Ndani yake alikuwamo Mzee Kai peke yake, macho wazi, kila unywele wa nyusi mahali pake, uso umetulia kama wa mtu aliyechorwa kwenye stempu.

"Hii," alisema Mzee Kai.

Kafedha akaishusha kamera. Alikuwa bado ameshika saa ya yule mzee. "Mzee Kai," alisema, "vile viti ni vya kanisa."

"Ni vya kanisa," alijibu Mzee Kai, akivaa kofia. "Ndiyo maana tumekuja mpaka huku. Vingekuwa vyangu ningesumbukia nini?"

Kafedha akamrudishia saa yake. Mzee Kai alipoingia dukani kuangalia vinyago vya twiga, Kafedha alimgeukia Nadira.

"Wewe ungechukua ipi?"

"Mimi naziuza zote, mwanangu. Ukitaka kumwona mtu, chukua ya mkono mrefu. Ukitaka kuona alivyo navyo, chukua boga."

"Na nikitaka vyote viwili?"

Nadira aliushika ule mkono wa chuma, akaukunja kwenye kiungo, akaukunjua tena. "Mkono unakunjika," alisema. Kisha akamwomba Kafedha atumbukize mkono wake majini, amwonyeshe jinsi flashi inavyoonekana ikiwa imekunjwa hadi karibu na lenzi. Walipoangalia, vidole vya Kafedha vilikuwa vimezungukwa na vibanio vya nguo, vya rangi ya waridi. Kafedha aliviangalia. Nadira akaanza kufunga boksi.

Flashi ililipiwa na Mzee Kai, akasema ahesabiwe kuwa amechangia maendeleo. Walirudi Likoni kabla ya alasiri. Kafedha alipofika nyumbani alivianua vibanio vya waridi kutoka kwenye kamba yake akavipeleka kwa jirani. Jirani alivipokea, akashukuru, akasema kimoja kimepungua.

Kuanzia wiki hiyo picha za Kafedha zilibadilika. Waliobatizwa walielea ndani ya maji ya buluu, kanzu zimetanda kama maua, na hakuna hata chembe ya kitu iliyoonekana karibu nao. Watu walitoka Mtwapa na Mazeras kuja kubatizwa Likoni kwa ajili ya picha tu. Wengine walibatizwa upande wa kulia, kisha wakaomba warudiwe upande wa kushoto. Dorothy alirudi akataka azamishwe upya, picha ikatoka safi, na aliipeleka kwa wifi yake akamwachia kama zawadi. Wifi akaitundika jikoni, mahali zilipokuwa zikikaa sufuria.

Mzee Kai naye akaomba arudiwe. Alisema ubatizo wake wa kwanza haukutoka. Mchungaji Gershom hakuona ubaya.

Siku hiyo Kafedha alipiga magoti chini ya maji kama kawaida, mkono wa flashi umenyooshwa kushoto. Aliviona viatu vya Mzee Kai, maana Mzee Kai aliingia baharini na viatu. Alimfikiria mama yake kwenye jiwe. Kisha akaushika mkono wa chuma, akaukunja kiungo cha kwanza, akaukunja cha pili, hadi flashi ikakaa bega kwa bega na lenzi. Mzee Kai akashuka. Alikuwa amejiandaa, macho wazi, anatabasamu na meno yote. Kafedha akapiga.

Hakulala vizuri, na Jumapili aliipeleka picha kanisani ikiwa imechapishwa kubwa kama mkeka wa kuswalia. Aliishika mbele ya waumini. Safari hii hapakuwa na ukungu wala uji. Flashi ya kadiri ilikuwa nzuri kweli. Viti vilionekana kila kimoja, mikono, miguu, hata mikwaruzo. K.M.M. ilisomeka hata safu ya mwisho. Kiti kimoja kilikuwa kimekaa kwenye mwanya wa meno ya Mzee Kai, kimeegemea jino.

Waumini wakanyoosha shingo. Kafedha alisubiri.

"Flashi hii," alisema hatimaye Mchungaji Gershom, "ni nzuri sana."

"Ni nzuri," walisema wazee.

"Hata maandishi yanasomeka."

Mtu mmoja akaanza kupiga makofi, na wengine wakafuata. Mzee Kai alisimama, akaisogelea picha, akajitazama. "Hapa sasa nimetoka," alisema. Akamshika Kafedha mkono kwa furaha, akaagiza picha itundikwe kando ya mlango, watu waione wakiingia.

"Na viti?" alisema Kafedha. Sauti yake ilitoka kubwa kuliko alivyokusudia.

"Vizuri umekumbusha, dada," alisema Mchungaji. "Tuliahidi hoja ya viti itakuja baada ya flashi, na sasa imefika." Akawaeleza waumini kwamba ni aibu watu wa Mungu kukaa juu ya mawe, na kwamba kamati inapendekeza ifanyike harambee ya kununua viti vipya. Waumini wakasema amina. Kwa kuwa wageni wa harambee watahitaji pa kukaa, kamati inapendekeza vilevile vikodiwe viti kwa siku hiyo. Wakasema amina tena. Mwenye viti wa karibu alikuwa Mzee Kai.

Wakavichagulia pale pale kwenye picha. Mama wa kwaya alisema wanataka vile vya nyuma ya sikio, vinaonekana imara. Fundi cherehani alipendekeza safu ya begani. Mzee Kai aliitikia kila ombi kwa kichwa, akasema hakuna shida, ila kile cha kwenye meno kina mteja. Kafedha aliteremka, akaenda kukaa kwenye jiwe la mama yake. Sarah akampisha nusu ya leso.

Siku ya harambee pikapu ya Mzee Kai ilileta viti asubuhi na mapema. Vilikuwa vimelowa maji ya chumvi, na katika vingine walitoka kaa wadogo wakatembea sakafuni kuelekea mlangoni. Waumini walivifuta kwa leso, wakaketi. Mimbari nayo ililetwa na pikapu hiyo hiyo. Ilikuwa imechukuliwa siku chache kabla ya hapo ikatengenezwe, na sasa imerudi ya kijani, kwa mkopo wa siku moja. Harambee ilifana. Kilichopatikana hakikutosha kununua viti, lakini kamati ilitangaza kwa furaha kwamba kilitosha kukodi viti kwa kila sikukuu mpaka Pasaka.

Sarah alikaa safu ya tatu. Alikaa kwenye kiti chenye mgongo kwa mara ya kwanza tangu matanga, akaegemea, akafumba macho. Watu waliposimama kuimba, hakusimama. Waliposimama kuomba, hakusimama. Ibada ilipokwisha, wapakiaji wa Mzee Kai walipita wakikusanya.

"Mama, tunaomba kiti," alisema mmoja wao.

"Kichukueni," alisema Sarah.

Wakasubiri ainuke. Hakuinuka. Mpakiaji alimwendea Mzee Kai, wakanong'ona. Mzee Kai akaiangalia saa yake. "Pakieni tu," alisema. "Mjambere wanatusubiri."

Wakamwinua, wawili huku na wawili huku, wakampandisha kwenye pikapu, wakamweka juu ya viti vingine ambako palikuwa na upepo mzuri. Kafedha alitoka mbio akiwa na kamera shingoni.

"Mama! Waenda wapi?"

"Siendi popote," alisema Sarah kutoka juu. "Nimekaa."

Pikapu ikaondoka.

Siku ile alikaa kwenye harusi huko Mjambere. Kesho yake alikaa kwenye hitima Kisauni, na Jumamosi kwenye sherehe ya mtu aliyepata kazi bandarini, Changamwe. Usiku alikuwa kwenye ghala la Mzee Kai pamoja na mahema, na Kafedha alimpelekea nguo za kubadilisha, dawa zake na mto. Alimsihi arudi nyumbani. Hata alilia kidogo. Sarah alimwambia asijisumbue: anakula pilau karibu kila siku, magoti yamepungua uvimbe, na huko harusini wamemsuka nywele wakidhani ni upande wa bwana harusi. Kinapokwenda kiti chake anakwenda yeye, na hicho, alisema, ndicho alichochangia.

Mzee Kai hakulalamika. Mwanzoni wateja waliuliza kuhusu yule mama wa safu ya tatu, kisha wakaanza kumwomba. Msibani alikuwa analia vizuri, kwa sauti ya kiasi, na harusini alikuwa wa kwanza kupiga vigelegele. Ubao wa biashara ukapakwa rangi upya: *Viti, Mahema na Mama.* Kafedha alikutana na mama yake mara nyingi kazini, maana sasa aliitwa kupiga picha sehemu hizo hizo.

"Umekula, mama?"

"Nimekula. Wewe je?"

"Bado."

"Nenda upande wa jikoni, waambie umetumwa na Mama."

Karibu na Pasaka Kanisa la Maji Matulivu lilikuwa na sikukuu ya kwaya, na viti vikaja. Sarah alishushwa wa mwisho, akawekwa safu ya tatu, amevaa gauni zuri ambalo Kafedha hakulijua. Kinanda hakikuwapo siku hiyo, kwa hiyo waliimba bila kinanda. Baada ya wimbo wa kwanza Mchungaji Gershom aliwaomba wageni wote wasimame wajitambulishe. Alipomwona Sarah uso ukamkunjuka.

"Tuna mgeni wetu aliyekuja na viti," alisema. "Mama, simama tukuone, utuambie watoka wapi."

"Mnaniona," alisema Sarah, ameketi. "Natoka hapa hapa."

Waumini wakampigia makofi ya kumkaribisha. Kafedha, aliyekuwa amesimama kando ya mimbari ya kukodi, alimpiga picha. Ibada ikaendelea, ndefu kama sikukuu zote, na ilipokwisha wapakiaji waliingia kwa adabu, kofia mikononi, wakaanzia safu ya nyuma. Walipomfikia Sarah walimwamkia shikamoo, wakamwomba ainue miguu kidogo wapate pa kushika.